Kwa nini habari za Bunge letu zote zinaanza na "amesema"?

#1 KalamuYaMalaba
Wakuu, salaam. Chukua magazeti ya wiki moja, kata habari zote za siasa, halafu piga mstari chini ya kitenzi cha kwanza. Amesema, ameonya, amekanusha, amewataka. Waziri kasema, mbunge kajibu, RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, kaonya. Karatasi iliyozua maneno hayo haitajwi hata jina.

Hoja yangu: mwandishi wa siasa Kampala si mvivu wala si mwoga kama watu wanavyodai. Hajui tu karatasi inatoka lini na inapita mlango upi, basi anabaki kungoja mdomo. Nani anapinga? Na anayeanza leo kufuatilia Serikali na Bunge ashike nini kwanza? Majibu ya kazi tafadhali, hotuba tunazo nyingi.

#2 Mdakuzi_Kibuli
Napinga. Tatizo ni njaa. Anayelipwa kwa habari moja moja hawezi kukaa siku tatu na ripoti ya mamia ya kurasa wakati mwenzake ameshapeleka "amesema" tano. Mkutano wa waandishi una maji ya chupa, una bahasha ya "usafiri", na saa sita umekwisha. Ripoti haina bahasha.

#3 Mama Tororo
Njaa ipo, Kibuli, ila swali la pili la Malaba lina jibu kamili kwa hiyo naanza nalo.

Shika kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini habari zake zinaanza miezi sita kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 imeweka tarehe: waraka wa mwelekeo wa bajeti uwe Bungeni kufikia Desemba 31, bajeti yenyewe na muswada wake Aprili 1, taarifa za sera za wizara nazo Aprili 1, na Bunge liwe limeidhinisha kufikia Mei 31. Hotuba ya Juni, ile ya suti mpya na televisheni zote, ni kula pilau iliyopikwa toka Machi. Anayesubiri Juni anaandika kile ambacho kamati zilishakikata na kukiunga mbele ya viti vitupu vya waandishi.

#4 Koboko_One
Mama Tororo, sahihisho dogo. Taarifa za sera za wizara ni Machi 15. Aprili 1 ni bajeti.

#5 Mama Tororo
Kweli kabisa, Machi 15. Asante Koboko. Na ndiyo maana wiki mbili za mwisho za Machi kamati hukaa asubuhi mpaka jioni, na mwandishi mmoja hawezi kuwa vyumba vinne kwa wakati mmoja.

#6 MzeeWaEntebbe
Naongeza juu ya hiyo. Kila ofisi ina namba yake ya fungu kwenye bajeti, na namba hiyo haidanganyi kama jina linavyodanganya. Ikulu ni 002, Ulinzi 004, Fedha 008, Afya 014, Tume ya Bunge 104. Wizara hubadilisha majina ya programu zake, mradi uliokuwa hapa unahamia kule, lakini ukifuata fungu kwa namba mwaka hadi mwaka unaona fedha zimeongezeka wapi.

Halafu kuna kosa linalorudiwa kila mwaka: kuchanganya tarakimu tatu. Kuna iliyoidhinishwa na Bunge. Kuna iliyotolewa na Wizara ya Fedha kwa robo mwaka. Kuna iliyotumika. Waziri anapolalamika kwamba "tumepewa nusu tu", muulize nusu ya ipi. Wizara ikijibu "tumeipa asilimia 90", uliza asilimia 90 ya bajeti au ya kiwango cha robo hii. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli huku msomaji anadanganywa.

Mfano wa karibu: bajeti ya 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 52.7, ya 2024/25 ikawa trilioni 72.1. Vichwa vya habari vikalia kwamba matumizi yameruka trilioni ishirini. Sehemu kubwa ya ruko hilo ilikuwa deni la ndani linalokopwa upya ili lilipe lililoiva, pamoja na malipo kwa Benki Kuu. Hospitali hazikuota trilioni ishirini usiku mmoja.

#7 Mdakuzi_Kibuli
Sawa mzee, na ni nani atakayemlipa mtu kuandika "deni linalokopwa upya"? Mhariri anataka ngumi.

#8 KalamuYaMalaba
Kibuli, bajeti ya nyongeza ina ngumi za kutosha. Sheria ile ile ya fedha aliyoitaja Mama Tororo inaruhusu Serikali kutumia nyongeza ya hadi asilimia 3 ya bajeti yote bila kuomba ruhusa ya Bunge kwanza, halafu ilete maombi ndani ya miezi minne baada ya fedha kutumika. Fanya hesabu: asilimia 3 ya trilioni 72.1 ni zaidi ya trilioni 2. Fedha zimeshaliwa, wabunge wanaitwa kupiga muhuri. Ratiba ikionyesha waziri "analeta mezani jedwali la nyongeza", chukua nakala pale pale kwa karani. Usingoje mjadala.

#9 Nabugabo77
Ssebo, "ratiba" ndiyo Oda Pepa?

#10 KalamuYaMalaba
Ndiyo hiyo, Oda Pepa. Bunge zima hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi kuanzia saa nane mchana, kamati ni asubuhi, kawaida saa nne. Mtu makini hujua kilichomo kwenye Oda Pepa kabla ya saa nane, na hutazama pia kile kilichokuwemo wiki iliyopita halafu kikatoweka. Kipengele kinachoahirishwa mara tatu kina mtu anayekivuta nyuma.

#11 LC_Mtoro
Mnasahau kuhesabu vichwa. Hiki ndicho kitu rahisi kuliko vyote, hakihitaji chanzo wala nauli, na karibu hakuna anayekifanya.

Katiba, Ibara ya 88, inataka akidi ya theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura. Bunge la 11 lilianza na 529: wa majimbo 353, wanawake wa wilaya 146, jeshi 10, na watano watano wa vijana, wafanyakazi, wenye ulemavu na wazee. Theluthi yake ni 176. Kama Spika anauliza "wanaokubali waseme ndiyo" na ukumbini wamo themanini, una habari ambayo haina "amesema" hata moja.

#12 Koboko_One
Ni 177. Theluthi ya 529 ni 176.33 na hakuna robo mbunge, ingawa wengine wanajitahidi 😄

#13 LC_Mtoro
😂 Kale, 177. Na Bunge likibadilika usikariri, jumlisha upya.

Hesabu yenyewe ina namna yake. Gawa ukumbi kwa safu, hesabu upande wa Serikali, kisha upinzani, kisha viti vya katikati, andika saa. Rudia baada ya dakika tano, kwa sababu watu hutoka na kuingia, na ukumbi wenyewe ni mdogo kuliko idadi ya wabunge kwa hiyo wengine husimama milangoni. Waziri ambaye si mbunge wa kuchaguliwa hana kura, usimhesabu. Na usitumie daftari la mahudhurio kama ushahidi wa waliokuwemo wakati wa kura. Mtu husaini saa nane na nusu, saa tisa yuko Wandegeya.

Anayesema hayo ni mambo madogo akumbuke sheria ya kupinga ushoga iliyopitishwa Desemba 2013. Mahakama ya Katiba iliifuta Agosti 1, 2014, na maudhui yake haikuyagusa. Ilianguka kwa sababu ya akidi. Hoja ilitolewa ukumbini siku ile ile, ikapuuzwa, na Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni, ikaiandika.

#14 Nabugabo77
Hansadi inapatikana lini baada ya kikao? Ili mtu anukuu kwa usahihi.

#15 MzeeWaEntebbe
Huchelewa kuliko habari yako, kwa hiyo usiitegemee kwa gazeti la kesho. Rekodi mwenyewe, andika dakika kwenye daftari kando ya jina la msemaji ("14:52, anaomba utaratibu"), kisha Hansadi ikitoka linganisha. Ikitofautiana na sauti yako, hiyo nayo ni habari, ila hakikisha ni nakala iliyohaririwa kwa mara ya mwisho na si ile ya awali.

Na hili kwa wapya: lililosemwa ndani ya ukumbi au kamati ya wazi, ukiliripoti kwa haki na usahihi, una kinga. Lile lile likisemwa na mbunge yule yule kwenye korido, huna. Akikwambia "kama nilivyosema ndani", rudi ukahakikishe alilisema ndani. Wengi wamepata barua za mawakili kwa sentensi ya ngazini.

#16 Wakili_wa_Mtaa
Mzee yuko sahihi, naongeza upande wa pili wa kisu. Ripoti ya kamati ambayo haijawekwa mezani, au ushahidi uliotolewa faraghani, ukiuchapisha unaweza kuitwa mbele ya Kamati ya Kanuni, Haki na Nidhamu. Hiyo haina maana usichapishe kamwe. Maana yake mhariri na wakili wawe wameiona kabla, si baada.

Na kwa kuwa wengi hapa hunukuu sheria kwa kukariri: toleo jipya la Sheria za Uganda lilianza kutumika Julai 1, 2024, na namba za sura na vifungu vingi zimehama. Ukisoma hukumu ya zamani inayosema kifungu cha 50 au 179 cha Kanuni ya Adhabu, hiyo ni namba ya wakati ule. Kifungu cha 50, habari za uongo, kilifutwa na Mahakama ya Juu Februari 2004 katika kesi ya Onyango Obbo na Mwenda. Uchochezi ulifutwa na Mahakama ya Katiba Agosti 2010. Kashfa ya jinai, ndiyo hicho cha 179, ilipopingwa mahakamani 2009, ilisimama. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, mawasiliano ya kuudhi, kilifutwa Januari 2023, lakini kabla hakijafutwa Bunge lilikuwa limeshapitisha marekebisho ya 2022 yenye makosa mapya. Unafunga dirisha, unakuta wamekata mlango.

#17 Mdakuzi_Kibuli
Wakili kajibu swali bila kujua. Hofu! Ndiyo maana ya "amesema". Ukiandika amesema, aliyesema ndiye mwenye kesi.

#18 Wakili_wa_Mtaa
Hapo umekosea Kibuli. Kurudia kashfa ya mtu ni kashfa yako pia. "Amesema" haikukingi kitu nje ya ukumbi.

#19 Mdakuzi_Kibuli
Basi hofu isiyo na faida. Bado hofu. Polisi walikaa ndani ya gazeti la Monitor siku kumi Mei 2013 wakitafuta barua moja ya jenerali. Redio CBS ilizimwa Septemba 2009 ikarudi hewani mwaka uliofuata. Machi 2025, uchaguzi mdogo wa Kawempe Kaskazini, waandishi walipigwa na vifaa vikachukuliwa mchana kweupe. Mtu akichagua maji ya chupa na mkutano wa hoteli mnamshangaa?

#20 Mama Tororo
Hatumshangai. Ila ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni waraka wa wazi, hakuna aliyepigwa kwa kuisoma. Na bado wanaisoma vibaya. Hapo hofu haielezi kitu.

Inakabidhiwa Bungeni kufikia Desemba 31, ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Wiki ya Krismasi, vyumba vya habari vina watu wawili. Januari wanaamka, wanaokota jedwali la kwanza, wanaandika "mabilioni yaliyoliwa". Someni maneno ya mkaguzi, yana maana tofauti tofauti. "Hazina vielelezo" ni kwamba risiti hazikuonekana siku ya ukaguzi, na mara nyingi huletwa mbele ya kamati. "Zimetumika nje ya kifungu" ni fedha za semina zilizonunua mafuta, ni kosa, lakini si lazima mtu ametia mfukoni. "Zilirudishwa Mfuko Mkuu" ni kwamba hazikutumika kabisa, na hapo swali ni kwa nini zahanati haikujengwa fedha zikiwepo. Ukiziweka zote kapu moja ukaziita wizi, afisa masuuli atakushika kwa moja na kukuangushia zote.

Na hati safi haimaanishi hakuna mwizi. Inamaanisha vitabu vinaonyesha hali halisi. Mwizi nadhifu hupata hati safi.

#21 Nabugabo77
Samahani nyabo, afisa masuuli ni mnyama gani?

#22 LC_Mtoro
Ni katibu mkuu wa wizara au CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, siku anapoulizwa fedha zimekwenda wapi. Siku nyingine zote anaitwa bosi.

#23 MzeeWaEntebbe
😀 Hapo Kiswahili chetu kinapata shida kweli. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili 2005, Baraza la Mawaziri likakiazimia tena Julai 2022, lakini Oda Pepa bado ni Kiingereza mwanzo mwisho. Mwandishi wa redio ya Kiswahili anafasiri papo hapo. Matokeo yake "outturn" (zilizotumika) na "release" (zilizotolewa) zote zinakuwa "fedha zilizotolewa", na tarakimu tatu nilizotaja juu zinageuka moja. Ningeshauri kila chumba cha habari kiwe na karatasi moja ya istilahi ukutani: zilizoidhinishwa, zilizotolewa, zilizotumika. Basi.

#24 KalamuYaMalaba
Hiyo ya mzee naipa pointi. Sababu ya nne: lugha. Njaa, hofu, kutojua mlango, na sasa lugha.

#25 Arua_Upepo
Ongeza ya tano: umbali. Mnaongea kana kwamba Serikali yote iko Parliament Avenue. Uganda ina wilaya 135 bila kuhesabu Kampala na majiji, na kwenye wilaya hakuna Hansadi wala Oda Pepa ya kwenye tovuti. Kuna redio, kuna RDC, na kuna simu ya RDC kwa mwenye redio.

Kwa anayefanyia kazi mikoani: baraza la wilaya linatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi miwili. Jua tarehe kwa karani wa baraza, si kwa mwenyekiti. Omba kumbukumbu za kikao kilichopita, zilizosainiwa. Pita ubao wa matangazo makao makuu ya wilaya kila wiki na upige picha, hasa mwanzo wa robo mwaka, kwa sababu fedha zilizoshuka hubandikwa pale, na mzabuni aliyeongoza tathmini hutangazwa pale kabla ya mkataba kusainiwa. Karatasi hizo hung'olewa. Picha yenye tarehe hubaki.

Na tofautisha wakubwa: RDC huteuliwa na Rais, mwenyekiti wa LC5, yaani wa wilaya, huchaguliwa na wananchi, CAO huajiriwa na ndiye anayesaini fedha. Magari yao yanafanana. Barabara isipotengenezwa, mwenyekiti atapiga kelele redioni, lakini mwenye vocha ni CAO. Mwandishi anayemhoji mwenyekiti tu amehoji spika ya redio.

#26 Koboko_One
Arua umenena. Jirani yangu hawezi kukosea 👏

#27 Jinja_Mnazi
Mimi naona mnapoteza muda na karatasi za wazi. Habari kubwa zote zimetoka kwa nyaraka zilizovuja. Ile #UgandaParliamentExhibition ya 2024, matumizi ya Bunge yalimwagwa X karatasi kwa karatasi. Waandishi wa Bunge walikuwa wapi? Galari, na tai shingoni.

#28 Mama Tororo
Jinja, hapo umegusa penye kidonda, na wao wenyewe walijiuliza. Ila kashfa ya 2023 ya mabati ya msaada wa Karamoja yaliyochepushwa haikuhitaji mdukuzi. Mabati yalikuwa na maandishi ya Ofisi ya Waziri Mkuu juu yake. Mtu aliinua macho akasoma paa. Mawaziri wakafikishwa mahakamani.

#29 MzeeWaEntebbe
Na barua zilizovuja, nyingi zinazozunguka WhatsApp ni bandia au zimekatwa kichwa. Kabla hujaandika neno, iweke mezani uitazame kwa utulivu.

Barua ya Serikali huwa na kona ya juu inayotaka jibu linukuu namba fulani ya kumbukumbu. Hiyo namba ndiyo uti wa mgongo. Tafuta barua nyingine ya kweli ya idara ile ile ya miezi ile ile, uone kama mpangilio wa herufi na mikwaju unafanana. Kisha tarehe: je, aliyesaini alikuwa kwenye cheo hicho siku hiyo? Makatibu wakuu huhamishwa, na mghushi husahau. Kisha muhuri wa kupokelewa. Barua iliyofika ofisi nyingine ina muhuri wenye tarehe ya siku moja au kadhaa baadaye, mara nyingi na maandishi ya mkono ya mkubwa akimwelekeza mdogo: "shughulikia, tuzungumze". Mghushi hutengeneza barua safi. Ya kweli imechafuka kwa kupita mikononi. Mwisho, orodha ya waliopewa nakala chini. Wapigie wawili kati yao na uulize kama wamepokea barua namba fulani ya tarehe fulani. Usiwasomee yaliyomo.

#30 Wakili_wa_Mtaa
Na umlinde aliyekupa. Watu wanadhani Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010 inamlinda yeyote anayefichua. Hapana. Inamlinda anayepeleka taarifa kwa waliotajwa: IGG (Inspekta Mkuu wa Serikali), DPP (mkurugenzi wa mashtaka), polisi, Tume ya Haki za Binadamu, Bunge, hata RDC. Mwandishi hayumo. Mtumishi anayekupa faili wewe yuko nje ya mwavuli, na ni wajibu wako kumwambia hivyo kabla hajakupa. Wewe mwenyewe, Sheria ya Wanahabari ya 1995 inasema hulazimishwi kutaja chanzo isipokuwa kwa ridhaa yake au kwa amri ya mahakama. Polisi akiuliza, si mahakama.

Kwa vitendo: usichapishe picha ya waraka wenye alama za mkono, mkunjo au doa, kwa sababu ofisi ikitoa nakala tano, alama hizo zinaonyesha ni nakala ya nani. Chapa maneno upya. Na picha iliyotumwa WhatsApp kama "dokumenti" hubeba taarifa za simu na mara nyingine mahali ilipopigwa, tofauti na ile iliyotumwa kama picha ya kawaida.

#31 Jinja_Mnazi
Kuna njia halali ya kupata hizo nyaraka bila kumponza mtu? Nasikia kuna sheria ya bure, unaandika wanakujibu siku 14.

#32 Wakili_wa_Mtaa
Si bure na si 14. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005: siku 21. Kanuni zake za 2011 ziliweka ada ya shilingi 20,000 isiyorudishwa. Haki ni ya raia, kwa hiyo ombi liandikwe kwa jina la mtu, na huna haja ya kueleza unaitaka ya nini. Kumbukumbu za Baraza la Mawaziri hazimo kabisa. Andika kwa afisa wa taarifa, taja waraka kwa jina, mwaka na namba ya fungu ("ripoti ya robo ya pili ya fungu 014"). Ukiandika "taarifa zote kuhusu dawa" umewapa sababu ya kukurudisha. Pata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, maana bila huo huwezi kuthibitisha siku 21 zilianza lini. Wakinyamaza mpaka zikaisha, ukimya huhesabiwa kama kukataliwa, na unaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu.

#33 Mdakuzi_Kibuli
Malizia hadithi, wakili. Waandishi Mwanguhya Mpagi na Izama walikwenda mahakama ya Nakawa kuomba mikataba ya mafuta. Februari 2010 wakaambiwa hawajaonyesha kwamba faida kwa umma inazidi madhara. Sheria tunayo, mikataba tunaisikia.

#34 Wakili_wa_Mtaa
Kweli walishindwa. Ila maombi ya kila siku si mikataba ya mafuta. Ripoti ya robo mwaka ya wizara hutolewa, ukiomba kwa namba.

#35 Nabugabo77
Na uchaguzi je? Mtu akipangiwa kituo.

#36 LC_Mtoro
Fomu ya DR, ya kutangaza matokeo ya kituo. Kila kituo kinabandika yake baada ya kuhesabu. Vituo hufungwa saa kumi jioni, kwa hiyo uwe na betri mpaka usiku. Piga fomu nzima, kona nne zionekane, jina na namba ya kituo zisomeke. Kisha jumlisha mwenyewe: kura za wagombea wote pamoja na kura batili zilingane na karatasi zilizotolewa kwenye sanduku. Usichanganye kura batili na karatasi iliyoharibika. Iliyoharibika ni ile mpiga kura aliyekosea akairudisha akapewa nyingine, haikuingia sandukuni. Nusu ya "maajabu ya hesabu" mitandaoni ni mtu aliyejumlisha hizo mbili.

Tume ya Uchaguzi ina saa 48 tangu kufungwa kwa vituo kutangaza matokeo ya urais. Na usitegemee intaneti. Januari 2021 ilizimwa siku kadhaa. Panga mapema namna ya kusoma tarakimu kwa simu ya kawaida, na nani atakayeziandika upande wa pili, tarakimu moja moja. "Kumi na tatu" na "thelathini" kwenye laini mbovu ni ndugu.

#37 Jinja_Mnazi
Mbona hakuna anayetaja wenye vyombo? Machi 2023 Rais aliagiza matangazo yote ya Serikali yapelekwe UBC, shirika lake la utangazaji. Kampuni ya magazeti ya Vision, Serikali ndiyo mwenye hisa nyingi. Redio za mikoani nyingi ni za wanasiasa. Kalamu iko mkononi mwa mwandishi, wino uko kabatini kwa mwenye duka. Hiyo ndiyo sababu ya "amesema", mengine ni mapambo.

#38 KalamuYaMalaba
Lakini Jinja, nyongeza ya asilimia 3 ilisomwa kwenye Vision pia, na hesabu ya vichwa haikatazwi na mwenye hisa yeyote. Mwenye duka anaelezea kisichochapishwa. Haelezi kilichochapishwa vibaya.

#39 Jinja_Mnazi
Mwandishi anayejua habari yake ya tatu mfululizo itatupwa haisomi ya nne. Hiyo nayo ni sababu ya kutojua mlango, mkuu.

#40 Arua_Upepo
Hapo Jinja kampata Malaba kidogo.

#41 Mama Tororo
Kampata nusu. Jaribuni hili kwenye mkutano wowote: swali moja, lenye tarakimu na ukurasa. "Mheshimiwa, ukurasa wa 41 unasema zilizotolewa ni kadhaa, wewe umesema kadhaa, ipi?" Halafu nyamaza. Usiunganishe maswali matatu, atajibu jepesi. Akijibu, hata ukiandika "amesema", imebeba kitu.

#42 Mdakuzi_Kibuli
Na akisema "nitakujibu baadaye" na bahasha ikapita?

#43 Mama Tororo
Andika alishindwa kujibu. Bahasha, hayo ni yako na Mungu wako.

#44 Nabugabo77
Asanteni wote. Swali la mwisho kutoka kwangu: muswada ukishapita, siku 30 za Rais zinahesabiwa toka Bunge lilipoupitisha?

#45 Koboko_One
Hapana. Toka alipokabidhiwa. Ibara ya 91. Asiposaini, asiurudishe, asikatae, siku 30 zikiisha unahesabiwa umekubaliwa. Kwa hiyo usiandike "muda umepita" kabla hujajua tarehe ulipofika kwake. Muswada unaweza kukaa Bungeni wiki kadhaa ukisafishwa kabla haujapelekwa. Uliza ofisi ya Katibu wa Bunge, omba tarehe ya barua ya kuupeleka.

#46 LC_Mtoro
Oda Pepa ya kesho imetoka wakuu. Kipengele cha nne, jedwali la nyongeza linawekwa mezani. Nani anakaa kuhesabu?

#47 Mdakuzi_Kibuli
Nitahesabu mimi. Ila mnitumie ya boda.

#48 Koboko_One
😂 177, Kibuli. Usisahau.